Jinsi Majirani Zangu wa Kigogo Walivyoanza Kuulinda Mto Msimbazi

Mto Msimbazi wa jijini Dar es Salaam huanzia katika vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Tabata na Kigogo, kisha hukata bonde la Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Sisi tunaoishi Kigogo bondeni hupokea kila kilichotupwa na walio juu yetu, na walio Jangwani hupokea vya kwetu. Nilipoingia katika kamati ya mazingira ya mtaa nilitaka majirani waache kutupa taka mtoni, na kwa miezi kadhaa sikupata hata mtu mmoja wa kunisaidia.

Kosa lilikuwa langu. Katika mkutano wa mtaa nilisimama nikasoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mtu ambaye ukuta wa chumba chake uko hatua kumi kutoka majini, maneno yale yalimaanisha kitu kimoja tu, bomoabomoa. Mama mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nimetumwa kuja kuwahesabia nyumba.

Niliiweka sheria kando, nikaanza kupita mlango kwa mlango nikiuliza jambo moja: maji ya Desemba 2011 yalifika wapi? Mafuriko yale yaliua watu wapatao 40 jijini, na baadhi ya majirani zetu wa zamani walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Hakuna aliyesahau. Kila mmoja alinionyesha alama ukutani, nasi tukaipitishia mstari wa rangi ya bluu. Watu walitoka nje kubishana kama mstari umewekwa juu mno au chini mno, na katika ubishi huo ndipo, kwa mara ya kwanza, tuliuzungumzia mto kama jambo letu sote.

Jumamosi iliyofuata tulitembea ukingoni, watu kumi na wanne, tukitazama kilichoziba njia ya maji. Tuliyoyakuta yalitushtua. Sehemu kubwa ya taka ilikuwa imeletwa na vijana wa mikokoteni, ambao sisi wenyewe huwalipa watuondolee uchafu majumbani. Kizimba cha kukusanyia taka kilikuwa kimefurika kwa sababu gari la taka lilikuwa halijaonekana kwa wiki nyingi, hivyo walimwaga mtoni usiku. Wengine walitaka waitwe polisi. Mimi niliomba waitwe kikaoni. Walikuja, wakasema ukweli wao, na tukakubaliana kwamba malipo yatatolewa jioni, baada ya mama lishe aliye jirani na kizimba kuandika daftarini kila mkokoteni uliofika, huku kamati ikifuatilia gari kila wiki kwa mtendaji wa mtaa. Siku za usafi zenye fulana na picha zina nafasi yake, lakini kwetu daftari lile limezuia taka nyingi zaidi.

Jambo gumu kuliko yote ni vyoo. Masika inapokolea, baadhi ya nyumba hutapisha vyoo usiku, kinyesi kikaenda na maji ya mvua hadi mtoni, kwa kuwa gari la kunyonya haliingii vichochoroni na gharama yake ni kubwa. Katika hili kumwaibisha mtu hakusaidii, maana hana pa kwenda. Tumeunda kikundi cha kuweka na kukopa ili kila nyumba imudu kuwalipa vijana wenye pampu za mkono kabla mvua hazijaanza. Yule mama aliyeniuliza kuhusu kuhesabu nyumba ni mmoja wa washika funguo watatu wa sanduku la fedha za kikundi. Mwaka jana nyumba kumi na moja zilinyonyewa vyoo kabla ya masika. Zimebaki ishirini na tatu, na orodha ya zamu tumeibandika kwenye ukuta wenye mstari wa bluu, ambako kila apitaye huisoma.