Feni ya chaja haijafa, inasubiri joto

Chaja yangu nzima ilifunguliwa, ikakatwa waya na kufungwa feni isiyo yake, kwa sababu kila niliyemuuliza alikuwa na jibu moja tu mdomoni: "Feni haizunguki? Basi imekufa hiyo." Haikuwa imekufa. Nimelithibitisha hilo kwa mikono yangu, na bado linaniudhi, maana ushauri huohuo unaendelea kugawiwa uwanjani kila wikiendi kwa vijana wanaoanza kurusha ndege ndogo za foamu, zile za rimoti zinazotumia betri.

Chaja ninayoisema ni ya aina ya B6, kile kisanduku chenye skrini ya mistari miwili na vitufe vinne ambacho wengi wetu hapa Dar tumeanzia nacho, iwe chenyewe au nakala yake. Inapokea umeme wa volti 11 hadi 18. Kuchaji, mwisho wake ni ampea 5 na wati 50. Kutoa chaji kwenye betri, mwisho wake ni ampea 1 na wati 5. Hizo wati 5 ndizo zilizonifungua macho, nitazifikia.

Nilimpelekea fundi mmoja Kariakoo. Akaiwasha, akaunga betri ndogo ya lipo (lithiamu-polima, aina tunayotumia kwenye ndege hizi), akaweka ampea 1, akatega sikio. Kimya. Hakuuliza naitumiaje wala na betri gani. Akachambua boksi lake la vipuri, akaibuka na feni ya ukubwa uleule, matundu ya skrubu yaleyale, akaichomelea waya kwa risasi na kuniambia, "Kaka, hiyo sasa ni ya miaka." Nilimlipa hela ambayo ukiiongezea kidogo unapata betri mpya. Feni yangu ya zamani niliiomba nikaondoka nayo. Mimi sitoki kwa fundi bila kipuri changu cha zamani, na nakusihi nawe ufanye hivyo.

Kuanzia siku hiyo ndipo chaja ikaugua kweli. Feni mpya nayo haikuzunguka mwanzoni, sawasawa na ile ya zamani. Katikati ya kuchaji betri kubwa ikaanza kutetemeka: mapanga yanasogea kidogo, yanarudi, hayaendi popote. Nikiyasukuma kwa ncha ya kijiti cha meno yanazunguka kwa kujikokota, na hewa inayotoka haitikisi hata uzi. Hatimaye chaja ikapiga kelele, skrini ikaandika kwamba joto la ndani limezidi, kazi ikakatwa. Nikafungua skrubu, nikaitoa ile feni na kusoma kibandiko mgongoni: volti 24. Ya kwangu ya zamani imeandikwa volti 12, na hizo 12 ndizo chaja inazoipa. Feni ya volti 24 ukiilisha nusu ya umeme wake itajikokota, au isianze kabisa. Kisha nikachukua ile "iliyokufa", waya mwekundu kwenye chanya ya betri ya gari, mweusi kwenye hasi. Ikanguruma papo hapo.

Niliirudisha mahali pake. Ndipo mwenzangu mmoja wa uwanjani akaja na tiba nyingine, ambayo pia utaisikia sana: usiitegemee chaja iamue, unga feni moja kwa moja kwenye umeme unaoingia, izunguke muda wote. Tukaijaribu. Gari likiwa limezimwa, betri yake ina volti 12 na kidogo, feni inakwenda vizuri. Ukiwasha injini volti zinapita 14, na feni inalia kwa sauti ya kukata masikio. Tunaporushia ni uwanja wa vumbi jekundu, kwa hiyo kutwa nzima ilikuwa inavuta vumbi na kulishindilia kwenye mapezi ya bamba la alumini linalotawanya joto, hata wakati chaja haina kazi yoyote ya maana. Haikuchukua muda beringi ikaanza kukwaruza. Zaidi ya yote, nilipoteza habari muhimu kuliko upepo wenyewe. Feni inayojiwasha na kujizima inakuambia hali ya joto mle ndani, ile isiyonyamaza haikuambii kitu. Niliukata waya ule na kurudisha mfumo wa kiwandani.

Sasa hesabu, ambayo laiti mtu angenipa mwanzoni. Kuna kihisi joto ndani, karibu na transista zinazobeba mzigo. Feni inamsikiliza huyo. Kitufe chako cha kuanza haikijali. (Zipo chaja nyingine zinazoipuliza kwa sekunde chache unapowasha ili kuijaribu, na zipo zinazoiwasha mara kuchaji kunapoanza. Ijue ya kwako.) Betri ya seli tatu, yaani vibetri vitatu vilivyoungwa kimoja baada ya kingine, ikikaribia kujaa ina volti 12.6. Kwa ampea 1 hizo ni wati 12 na ushee. Tuseme chaja inapoteza asilimia 15 kama joto: hazifiki wati 2, na kasha la alumini linazitawanya lenyewe bila msaada. Feni iamke kwa lipi? Ndiyo maana kwa yule fundi palikuwa kimya. Betri yangu ya kawaida, yenye ujazo wa miliampea-saa 2200, naichaji kwa ampea 2.2, karibu wati 28, na joto linalobaki ndani ni kama wati 4. Hapo Februari barazani kwangu, hewa yenyewe ikiwa nyuzi 32, feni itaamka. Asubuhi ya Julai inaweza isiamke kabisa, kazi ileile, betri ileile.

Halafu kuna hili linalowatisha watu: feni inazunguka vizuri, kisha inanyamaza kabla betri haijajaa, nao wanasema imefia kazini. La. Seli zikishafika volti 4.2 kila moja, chaja inashikilia volti hizo na kuacha ampea zishuke zenyewe taratibu. Ampea zikishuka, joto linashuka. Tena feni haizimwi kwenye nyuzi zilezile ilizowashiwa. Huachwa ipooze hadi chini kidogo ndipo ikatwe, kama friji inavyojiwasha na kujizima, la sivyo ingekuwa inawaka na kuzima kila mara. Ndiyo sababu pia inaweza kuendelea kuzunguka baada ya chaja kutangaza kwamba imemaliza. Iache imalize upepo wake kabla ya kuchomoa.

Basi, zile wati 5. Chaja inapochaji, umeme mwingi unaingia kwenye betri na kidogo tu kinapotelea njiani. Inapotoa chaji hakuna pa kuupeleka: wati zote 5 zinachomwa kuwa joto humohumo ndani ya kisanduku. Kazi inayoonekana ndogo kwenye skrini ndiyo inayotia joto zaidi ya kuchaji kwa ampea 2.2. Na ni kazi ndefu. Betri ya 2200 iliyojaa, ukitaka kuishusha hadi volti 3.8 kwa seli ili uihifadhi, wati 5 ni kama ampea 0.4 tu, kwa hiyo utakaa saa mbili na nusu au zaidi na feni yako inaunguruma. Si ubovu.

Kutokana na hapo nikapata kipimo changu, ambacho hadi leo sijaona kikinidanganya kwa chaja za aina hii. Usifungue skrubu hata moja. Chukua betri nzima iliyojaa, iweke chaja kwenye kutoa chaji kwa kiwango chake cha juu, kaa karibu, gusa kasha mara kwa mara. Ikiwa feni ni nzima itaamka kasha likiwa na uvuguvugu. Ikiwa kasha linawaka hadi huwezi kuliwekea kiganja na feni bado kimya, simamisha, sasa una haki ya kutafuta bisibisi.

Na nina hila nyingine ninayoipenda zaidi. Washa kijiti cha udi, ukisogeze kwenye matundu ya chaja huku feni ikizunguka, uangalie moshi. Upande mmoja unamezwa, upande mwingine unatawanywa. Niliifanya kwa chaja ya jirani ambayo ilikuwa ikipata joto licha ya feni nzima, na moshi ukatuonyesha hewa inatoka pale ilipopaswa kuingia: mtu aliwahi kuifungua akairudisha feni kinyume. Kwa kawaida hewa hutokea upande wenye kibandiko, ule wenye miguu inayoshikilia mota, na feni nyingi zina mshale ubavuni. Tuligeuza tu, shida ikaisha. Udi ni bei ya mihogo ya kukaanga.

Beringi iliyokuwa inakwaruza niliiponya kwa tone la mafuta ya cherehani chini ya kibandiko. Tone, usimwage, maana kibandiko hakitashika tena. Vumbi nililitoa kwa brashi ya rangi. Ukitumia pampu ya kupuliza, shika mapanga kwa kidole, kwa sababu yakizungushwa na upepo mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye bodi. Usiweke chaja juu ya godoro wala kochi, matundu ya chini yanazibwa. Na shika hili: feni inapooza chaja, haipoozi betri. Lipo ikipata moto au ikianza kuvimba wakati wa kuchaji, achana na feni, kata umeme na uitoe nje.

Majuzi kijana mmoja alinifuata na B6 yake "isiyo na feni". Tulikaa kwenye benchi, nikaiweka itoe chaji, tukapiga soga za mabawa na mota. Kabla soga haijakolea feni ikaanza kunguruma. Alikuwa ameshanunua nyingine, iko mfukoni ndani ya nailoni yake. Nikamwambia atusomee kibandiko. Volti 5.