Kikosi kinapimwa kwa kuondolewa kitu

Kipimo cha Connor-Davidson cha ustahimilivu, yaani uwezo wa kuhimili misukosuko, kilichochapishwa mwaka 2003, kina kauli 25, kila moja alama 0 hadi 4, jumla ya juu 100. Ni kipimo kizuri, lakini kinampima mtu. Ukiwagawia askari wote wa kombania kisha ukatoa wastani, umepata wastani wa watu. Kombania yenyewe hujaigusa. Askari mia walio imara bado wanaweza kusimama wasijue la kufanya redio moja ikizima.

Njia ninayoiamini ni kukiondolea kikosi kitu katikati ya zoezi, bila taarifa, na kushika saa. Msimamizi amtangaze kamanda wa platuni, sehemu ya kombania, kuwa ameuawa, kisha aandike nyakati tatu: naibu alipotambua kwamba sasa ni yeye, alipotoa amri ya kwanza, na seksheni zote, vikundi vya platuni hiyo, zilipothibitisha kuipokea. Muda ukipotea mwanzoni, mpangilio wa kurithi uongozi haujulikani. Ukipotea kabla ya amri, naibu anajua kwamba zamu ni yake ila hakuelezwa nia ya kamanda. Ukipotea mwishoni, tatizo ni mawasiliano. Mara nyingi kinachokwamisha ni kitu kidogo mno: ramani yenye alama zote imebaki mfukoni mwa aliyeanguka, au masafa ya redio ya akiba anayajua mtu mmoja.

Safari nyingine ondoa redio, gari la mafuta, au mtunza stoo. Huyu wa mwisho husahaulika, na ndiye anayeumiza.

Dawa yake ni jedwali: kazi upande mmoja, majina upande mwingine, na tarehe ambayo kila mtu aliifanya kazi hiyo kwa mikono yake mara ya mwisho. Kazi yenye jina moja ni shimo. Jina lenye tarehe ya zamani nalo lihesabiwe shimo, maana ujuzi usiotumika huota kutu.

Zoezi likiisha, fanyeni tathmini palepale: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini, tubadilishe nini. Wa cheo cha chini aanze, kamanda amalizie. Na tafadhali, yatakayosemwa pale yasiingie kwenye faili la kupandishwa vyeo. Yakiingia mara moja tu, tathmini inayofuata itakuwa ya kusifiana.

Uhamisho ukipita, jedwali hilo ni la watu walioondoka. Lijazwe upya, na zoezi lirudiwe kabla wageni hawajapangiwa doria.