Kisahani changu cha kupimia ziwa: wiki ya kumi na moja

Haya wadau, mlioniuliza mradi umeishia wapi, haujafa. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nafuta data. Wiki tano za mwanzo zote zilikuwa na kasoro na kosa ni langu mwenyewe, nitafika huko.

Kwa wageni: napima maji ya Ziwa Victoria yana uwazi kiasi gani. Kila jumamosi saa nne asubuhi nashuka mwaloni huku Luchelele, Mwanza, mzee mmoja mvuvi akishamaliza kuuza samaki wake ananipakia kwenye mtumbwi, tunapiga kasia mpaka pale pale kila wiki, tunalinganisha mawe mawili makubwa ya ufukweni mpaka yafunikane ndo tunajua tumefika. Nashusha kisahani majini taratibu, kikipotea machoni naandika sentimita, nakivuta, kikitokea tena naandika, nachukua wastani. Ndo mradi wenyewe huo, msicheke. Kipimo kinaitwa kisahani cha Secchi, kwa jina la padre wa Kiitaliano Angelo Secchi ambaye mwaka 1865 alikuwa anashusha sahani nyeupe baharini kutoka kwenye meli ya Papa. Za maziwani zina upana wa sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe zinapishana. Ya kwangu ni mfuniko wa ndoo ya rangi nilioukata, rangi ya mafuta nimeomba masalia kwa fundi jirani, chini nimening'iniza jiwe ili isipeperuke na maji.

Sasa kosa. Nilitumia kamba ya katani, nikapiga fundo kila sentimita 10, nimepima kwa tepu mita sebuleni, kamba kavu kabisa. Wiki ya tano mzee ananiangalia navuta kamba akauliza, "Kijana, hayo mafundo uliyapima kamba ikiwa imelowa?" Nikamwambia hapana mzee. Akacheka mpaka akaacha kasia. "Katani ikilowa inanywea, sisi tuliacha kuifungia nyavu zamani." Nimerudi nyumbani nikailoweka kwenye beseni saa nzima nikapima: mafundo kumi ambayo nilikuwa nahesabu mita moja, kumbe sentimita 94. Kwa hiyo ziwa langu lilikuwa linaonekana safi kuliko lilivyo, wiki tano zote. Unaweza kusema si zidisha tu kwa 0.94, ila siku nyingine kamba ilikuwa ndo kwanza inaingia majini na siku nyingine imeshalowa vizuri, sijui ipi ni ipi, nikaona isiwe tabu, futa. Sasa hivi natumia ile kamba ngumu ya plastiki isiyonywa maji na kila mwezi nairudia na tepu.

Halafu kuna rafiki yangu alikuja na kile kikalamu cha kupimia maji, TDS, akasema mimi napoteza muda. Akachovya ziwani, 48. Akachovya kwenye maji yake ya chupa ya dukani, 110. Watu pale mwaloni wakapiga kelele, haya maji ya chupa ni machafu kuliko ziwa! Jamaa akabaki anakitikisa kikalamu. Lakini kikalamu hakikosei, kinajibu swali lingine kabisa. Kinapitisha umeme kwenye maji kinakadiria chumvi zilizoyeyuka, na Ziwa Victoria sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, chumvi itoke wapi? Tope, mwani, bakteria wa vyoo, vyote hivyo kikalamu hakivioni. Unaweza ukachovya maji yenye kipindupindu kikakwambia 48. Kwa hiyo wanaowauzia watu mitaani kwamba namba ndogo maana yake maji salama, wanawadanganya.

Ila kisahani nacho kina upofu wake, hapo ndo nimekwama hizi wiki nne na ndo sababu kubwa ya kuandika leo. Wiki ya saba mvua ilipiga usiku kucha, jumamosi maji ya kahawia, kisahani kikapotea sentimita 75. Wiki ya tisa hakuna mvua, jua kali, ziwa limetulia kama mafuta, kisahani 75 vilevile. Kwenye daftari ni wiki mbili pacha. Ukisimama mtumbwini yalikuwa maji mawili tofauti kabisa, moja tope moja kijani, na daftari langu halikuwa na safu ya kuandika hilo.

Kilichoniokoa ni kwamba tangu wiki ya saba nilikuwa nachota chupa moja ya maji kila wiki, chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyotolewa karatasi, naisimamisha dirishani usiku mzima bila kuigusa. Maji ya siku ya mvua asubuhi yalikuwa na tope limetulia chini na juu karibu meupe. Yale ya jua kali yalifanya kinyume, chini hakuna kitu halafu juu shingoni pete ya kijani kibichi, imeng'aa kama mtu amemwaga rangi. Sababu ni kwamba ule uchafu wa kijani wengi wao ni sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua kama mimea, na jamii kama Microcystis wana vipovu vya hewa ndani ya mwili, maji yakitulia wanapanda juu kufuata jua. Ndo maana siku za shwari unaona utando, upepo ukianza mchana unausukuma wote upande mmoja wa ghuba, huku mnaoga kijani na ng'ambo wenzenu maji safi. Na ndo maana sihami pale mawe yanapofunikana, hata mzee akinung'unika kwamba ni mbali.

Na hili niliseme maana mwaloni nimeulizwa sana: baadhi ya hao wa kijani wanatoa sumu na kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha kunaua vijidudu, sumu inabaki sufuriani. Ukiona utando kama rangi, chota pengine, watoto wasiogelee hapo na ng'ombe wasinyweshwe.

Chakula chao ni fosforasi na naitrojeni. Nilidhani ni vyoo na mbolea tu, mitaro yetu na mto Mirongo unavyokatiza mjini na kila kitu ndani yake, kumbe sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa hili inadondoka kutoka hewani, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, mvua inaviosha inavishusha ziwani. Nataka niweke beseni juu ya bati kipindi cha kiangazi nione kinachodondoka, mke wangu ameshasema beseni ninunue langu.

Daftari sasa lina safu mpya: upepo, mvua ya jana, rangi kwa macho, chupa juu, chupa chini. Wiki ya kumi haina chupa kwa sababu mwanangu aliimwagilia mchicha.

Wiki hii: saa nne na dakika kumi, upepo kidogo, kimepotea 90, kimetokea 84, naandika 87. Mzee alishabashiri kabla sijashusha, "Themanini na tano, na chupa yako itaota kijani." Chupa iko dirishani, naandika hapa saa tatu usiku na bado iko vilevile, nimebandika karatasi "USIGUSE".