Sakafu ya bahari iliyopanda mlimani

Ukitazama kuta za Fort Jesus ni rahisi kudhani ile ndiyo sakafu ya bahari iliyoinuka. Sivyo. Lile ni jiwe la matumbawe, limejengwa na viumbe kwenye maji ya kina kifupi. Ukilidondoshea siki hutoa mapovu. Sakafu yenyewe ni mwamba mweusi wa volkano, wenye unene wa kama kilomita 6 au 7 pamoja na tabaka zilizo chini yake. Kipande chake kikibanwa hadi kikapanda juu ya bara huitwa ofioliti.

Pa kuiona vizuri ni Oman, kule kule majahazi yalikotoka. Ofioliti ya Semail ina takriban miaka milioni 95. Chini kabisa kuna peridotiti (mwamba mzito wa chini ya ganda la dunia), kisha gabro (mwamba wa chembe kubwa uliopoa polepole chini kwa chini), kisha mapande membamba ya mwamba yaliyosimama wima kama vitabu rafuni, na juu lava ya mito (ya kulalia, si ya maji). Lava ikimwagika baharini huviringana: mgongo huwa duara, mkia huchomoza chini kati ya mito miwili. Mkia ukielekea juu, tabaka limepinduka. Hapo wengi hukosea.

Kwetu Kenya ofioliti iko Sekerr, Pokot Magharibi, kongwe mno na imevurugwa na joto na mgandamizo, kwa hiyo usitarajie mpangilio kamili. Tafuta serpentiniti, yaani peridotiti iliyobadilishwa na maji: kijani, inateleza kama sabuni, na mara nyingi huvuta sumaku iliyoning'inizwa kwa uzi. Ukiona nyuzi nyeupe zinazong'aa, weka nyundo chini. Huenda ni asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu.