Taya Linalocheza: Spana Malaya na Plaizi Zangu Mezani

Spana malaya, ile yenye mdomo unaorekebishika, naipima kwanza kwa kuitikisa. Nalifungua taya linalotembea hadi katikati, nalishika kwa vidole viwili, kisha nalisukuma mbele na nyuma, kushoto na kulia, ili nijue kama linacheza na linacheza upande gani. Nyingi kati ya hizi zilizolala mezani jioni ya leo zinacheza, zikiwemo baadhi ya zile zinazong'aa kuliko zote, na chache tu ndizo zinazotulia. Nilizitoa sandukuni kwa ajili ya kuzifuta na kuzipaka mafuta, kazi isiyokwepeka kwa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, lakini kama ilivyo kawaida yangu kufuta kumegeuka kuwa kulinganisha, na sasa naandika niliyoyaona.

Kutulia kwa taya si suala la urembo. Nati ya pembe sita hushikwa vizuri pale mataya mawili yanapolala bapa juu ya pande zake mbili zinazotazamana. Taya likiwa linacheza, mdomo hupanuka mara tu unapoweka nguvu, mataya huacha kukaa bapa, na mzigo wote huhamia kwenye kona za nati. Kona hulika, nati huwa duara, na kuanzia hapo fundi anatafuta patasi na nyundo. Ndiyo sababu pia spana hii huvutwa kuelekea upande wa taya linalotembea, ili lile lisilotembea, ambalo ni kitu kimoja na mpini, ndilo libebe sehemu kubwa ya mzigo. Watu wengi huivuta upande wowote ambao mkono umefika, kisha huilaumu spana. Baada ya kutikisa, naufunga mdomo kabisa na kuuinua mbele ya taa: mwanga ukipita kwa usawa mwembamba, au usipopita kabisa, mataya yako sambamba, ukipenya kwenye ncha peke yake, naishusha spana hiyo daraja hata kama imepigwa muhuri wa kampuni kubwa.

Umbo lenyewe halijabadilika sana kwa zaidi ya karne moja. Johan Petter Johansson, Mswidi aliyefungua karakana yake katika mji wa Enköping mwaka 1886, hakuwa wa kwanza kufikiria spana yenye mdomo unaorekebishika. Mwingereza Richard Clyburn alikuwa na ya kwake tangu miaka ya 1840. Alichofanya Johansson, katika hataza yake ya mwaka 1892, ni kulipatia taya linalotembea njia yake ndani ya kichwa cha spana na kulisukuma kwa skrubu fupi nene inayozungushwa na kidole gumba, na huo ndio mpangilio unaoonekana leo katika karibu kila spana ya aina hii, iwe imetengenezwa Ulaya, India au China. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa tayari na hataza ya spana ya bomba, jambo ambalo mtu mwingine angelihesabu kuwa kazi ya maisha yake yote. Zana zake zilisambazwa duniani na kampuni ya B.A. Hjorth, na kutoka katika jina hilo ndipo lilipopatikana jina la chapa ya Bahco.

Kuna jambo dogo katika umbo hilo ambalo hunipendeza kila ninapozipanga kwa safu, nalo ni pembe ya kichwa. Bahco zangu zimeinamishwa nyuzi 15, ilhali spana za mtindo wa Kimarekani, ule uliotambulishwa na kampuni ya Crescent ya Jamestown, New York, iliyoanzishwa mwaka 1907, huinama nyuzi 22.5. Tofauti hiyo ina hesabu yake. Nati ya pembe sita hurudia umbo lake kila nyuzi 60. Ukiwa na kichwa cha nyuzi 15, unaweza kuigeuza spana chali baada ya kila mvuto na ukaendelea kukaza katika nafasi ya nyuzi 30 tu. Nati ya mraba hurudia umbo lake kila nyuzi 90, na kwa nati hiyo pembe ya 22.5 ndiyo inayogawa nafasi nusu kwa nusu. Nati za mraba sasa ni adimu, lakini pembe yake ingali hai. Anayefungua nati nyuma ya sinki, ambako mpini hauna pa kwenda, ataiona tofauti hiyo mkononi mwake bila kuhitaji hesabu yoyote.

Katika spana zote, ninayoitumia zaidi ni Bahco 8071, ya inchi 8, ambayo mdomo wake hufunguka hadi milimita 27. Kando yake iko ndugu yake yenye urefu wa namba ile ile lakini mdomo wa milimita 38, iliyotengenezwa kwa ajili ya viungo vya bomba na bomba la kuogea. Mwanzoni mdomo mpana kwenye mpini mfupi huonekana kama udhaifu, kwa kuwa nguvu ya kuvuta ni ndogo. Lakini viungo vya shaba havihitaji nguvu nyingi, na mpini mfupi humzuia mtu kukaza kupita kiasi hadi kiungo kikapasuka. Ninayo pia Lobster ya Japani, ambayo kichwa chake ni chembamba kiasi cha kuingia kwenye nati ya kufungia ambayo nyingine zote huikosa, na ninayo Taparia ya India, kampuni iliyoanza kutengeneza zana mwaka 1969 kwa ushirikiano wa kiufundi na Waswidi. Ukiiweka Taparia hiyo karibu na Bahco utauona ukoo huo bila kuambiwa.

Kuhusu rangi, msimamo wangu umebadilika. Zamani nilipenda kromu. Siku hizi napendelea ngozi nyeusi ya fosfeti iliyo kwenye Bahco, ingawa ndiyo inayoshika kutu haraka pwani ikinyimwa mafuta. Kutu ya fosfeti huiona mapema na huifuta kwa kitambaa; kromu mbaya huficha kutu chini yake mpaka siku inapobanduka kama maganda, na vipande vyake hukata vidole.

Sasa plaizi. Plaizi za bomba za mtindo wa mifereji, ambazo taya huhamishwa kutoka mfereji mmoja hadi mwingine ili mdomo upanuke, zilibuniwa mwaka 1933 na Howard Manning, katika kampuni ya Meadville, Pennsylvania, ambayo baadaye ilichukua jina Channellock. Mpini wake wa buluu ninaupenda na mataya yake yananyooka vizuri, ila inabidi ufungue mkono mpana sana ili kuhamisha mfereji, na vidole vyangu si vya kijana. Plaizi ya Cobra, ya kampuni ya Knipex ya Ujerumani, imelitatua hilo kwa kitufe: unaliweka taya la juu kwenye bomba, unabonyeza, unalisukuma la chini mpaka ligote, basi. Meno yake yamepangwa yaingie kinyume na mwelekeo wa kuzunguka, kwa hiyo kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kung'ata, bila wewe kubana mpini kwa nguvu. Meno hayo yamefanywa magumu, hadi ugumu wa takriban 61 kwa kipimo cha Rockwell C, na ukiyagusa kwa tupa, tupa hupita juu yake ikiteleza.

Lakini kitu kilichonivurugia mpangilio wa sanduku ni plaizi-spana ya kampuni hiyo hiyo ya familia, iliyopo Wuppertal tangu mwaka 1882. Mataya yake hayana meno, ni laini, na hubaki sambamba katika kila upana. Ukibana mpini, nguvu ya mkono huzidishwa takriban mara 10 kwenye mataya, na kwa sababu mataya yanabanwa yakaigusa nati kweli, habari ya taya kucheza, ambayo nimeiandika kwa ukurasa mzima, haipo tena. Bomba la kromu halipati mkwaruzo. Unaweza kulegeza kidogo, kurudi nyuma na kubana tena bila kuitoa zana kwenye nati. Je, imeifuta spana malaya? Kwangu bado. Inadai mkono mzima uubane mpini wakati wote, na kuna pembe za injini ambako kidole kimoja tu ndicho kinachoweza kuvuta. Kichwa chake nacho ni kinene kuliko cha Lobster. Bei yake sitaiandika hapa, mke wangu husoma.

Plaizi za kawaida za umeme nilizipitia haraka zaidi. Nafunga mdomo, naangalia makali dhidi ya taa, kisha nakata karatasi moja nyembamba: makali mazuri huikata mwanzo hadi mwisho, mabaya huitafuna katikati. Kwenye kazi ya umeme natumia zenye alama ya VDE, alama ya Kijerumani ya usalama wa umeme, na volti 1000 peke yake, na siamini mpini wa plastiki nyekundu kwa sababu tu ni mwekundu.

Katika mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam, kwenye vibanda vya vifaa vilivyotumika, muuzaji mmoja aliniwekea spana mkononi akasema, "Hii orijino kabisa, mzee wangu, ya Mjerumani." Juu yake palikuwa na maandishi ya kromu na vanadi tu, bila jina la nchi wala kampuni. Maandishi hayo huelezea chuma kilichochanganywa, hayasemi chochote kuhusu jinsi kilivyofuliwa na kupozwa, na chuma hicho hicho kikipozwa vibaya kitapinda au kitakatika. Hata hivyo niliitikisa kwa heshima ya muuzaji, na taya likatulia vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilimlipa alichotaka bila kuvutana naye sana. Nayo iko mezani hapa, katika safu ya pili, ikisubiri kiungo cha bomba la tangi la maji ambacho nimepanga kukifungua kwa hiyo kwanza na kwa plaizi-spana baadaye, nione ni ipi itaiacha nati ikiwa na kona zake sita.