Umerithi bustani? Panga lingoje kwanza

Bustani ya urithi, hasa zile za pwani, huharibika zaidi mwezi wa kwanza baada ya kukabidhiwa. Vijana huitwa kufyeka "pori", na magugu yakiondoka yanaondoka na manjano, tangawizi na viazi vikuu. Mimea hii hukauka majani wakati wa kiangazi na kubaki hai chini ya udongo. Kwa hiyo fyeka njia ya kupita tu, na usilime penye udongo mtupu mpaka mvua za masika zinyeshe. Vilivyozikwa vitachipua vyenyewe.

Wakati unangoja, soma majani. Watu wengi wanakwama hapa kwa sababu hawajui jani linaanzia wapi. Fuata kikonyo hadi kwenye tawi: pale kinaposhikana nalo, kwapani, pana jicho dogo la kuchipua. Penye jicho ndipo jani linapoanzia. Vijani vidogo vya mwarobaini havina jicho, maana yake kile unachokiona kama kitawi kizima ni jani moja. Ukishalijua hilo, hutauchanganya mwarobaini na mmelia (*Melia azedarach*), mti unaofanana nao. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja tu, vijani vikipangana kushoto na kulia. La mmelia limegawanyika mara mbili au tatu, na maua yake ni ya zambarau hafifu, wakati ya mwarobaini ni meupe. Anayechuma kwa ajili ya dawa asikisie, kwa sababu matunda ya mmelia ni sumu.

Jamii ya michungwa nayo huanza kutambulika kwenye kikonyo. Mbalungi una ubawa mpana pande mbili za kikonyo, kama kijani kingine kidogo chini ya jani. Wa mdanzi (mchungwa mchungu) ni wa wastani, wa mchungwa ni mwembamba, na mlimau karibu hauna kabisa. Kisha fikicha jani unuse. Harufu ya ndimu na ya chungwa hazifanani hata mti ukiwa hauna tunda.

Hapo hapo kagua shina, kuanzia ardhini hadi kama sentimita 30. Ukiona kovu, au gome linabadilika ghafla, mti huo ulibebeshwa, yaani uliunganishwa juu ya shina la mti mwingine. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu si ya mchungwa wako bali ni ya shina mama, mara nyingi limau kali lenye miiba mirefu. Yakiachwa hunyonya nguvu ya mti mpaka sehemu ya juu inakufa, na mwenye shamba anabaki kusema mchungwa "umegeuka" mlimau. Yang'oe yangali laini, sawasawa na shina, bila kuacha kisiki.

Mti ukitoa maziwa unapovunja jani, usiwe na haraka. Mfenesi na mshelisheli hutoa maziwa yanayonata tu: mfenesi mkubwa una majani mazima, mshelisheli una majani yaliyochanika sana. Lakini maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni huunguza vibaya na yanaweza kukuzuia kuona kwa siku kadhaa. Vaa miwani kabla ya kuugusa mti huo. Mti wa maua ya manjano yenye umbo la kengele na majani membamba, *Cascabela thevetia*, una sumu ya moyo kila sehemu, hasa mbegu. Penye watoto, mimi ningeuondoa.

Programu za simu kama PlantNet husaidia, ila picha ya jani moja haitoshi. Piga jani mbele na nyuma, ungio la kikonyo, ua, tunda na gome. Ikishindikana, kata kitawi cha sentimita 30 chenye ua au tunda, kibane kati ya magazeti chini ya kitu kizito, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka kikauke, la sivyo kitaota ukungu. Andika rangi ya ua siku ile ile, kwani hufifia, pamoja na mahali na urefu wa mti. Sampuli ya namna hiyo inaweza kupelekwa kwa wataalamu wa mimea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Nairobi kwenye hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa.