Pishi moja kwa kila mtu: kusoma Kutoka 16 riziki inapobana

Anayetaka kujua Mungu huwalishaje watu wake asianzie kwenye mistari ya ahadi iliyokatwa mmoja mmoja. Aanzie Kutoka 16. Ni mistari 36 tu. Isome yote kwa sauti, ukizishika hesabu zake, maana fundisho limo humo.

Ni siku ya 15 ya mwezi wa pili tangu Waisraeli watoke Misri. Mwezi mzima umepita, njaa imeingia. Nyuma yao ni Elimu, penye chemchemi 12 na mitende 70. Sasa wako jangwa la Sini. Hawakupotea njia. Njaa iliwakuta pale pale walipoongozwa, na anayedhani ukata ni dalili ya kuachwa na Mungu arudie mistari hiyo kwanza.

Mungu akawapa mana, chakula kutoka mbinguni. Kipimo chake ni pishi moja kwa kila mtu, kwa hesabu ya watu wa hema. Pishi ya pwani ni vibaba 4. Hii ya Kutoka ni sehemu ya kumi ya efa, kipimo cha Waebrania, yaani karibu lita 2. Chakula cha siku moja. Iliokotwa asubuhi, kwani jua likiwa kali iliyeyuka. Mungu alishusha mana, lakini hakuitia chunguni: watu waliamka, wakainama, wakaokota, kisha (Hesabu 11:8) wakaisaga au kuitwanga, wakaitokosa, wakafanya mikate.

Wengi hukosea kwenye mstari wa 20. Mana iliyolazwa iliingia mabuu ikanuka, basi husema kuweka akiba ni kukosa imani. Endelea hadi wa 24: siku ya sita, kesho yake ikiwa Sabato, waliokota pishi mbili kila mtu, wakalaza, haikuoza. Mana ni ile ile. Kilichotofautiana ni agizo: siku nyingine wasiibakize hadi asubuhi, siku ya sita wailaze. Mzazi anayeweka ada ya muhula ujao hajamkosea Mungu.

Katika maombi, "Utupe leo riziki yetu" (Mathayo 6:11) iombwe kwa kiasi. Andika hitaji la leo: unga kilo 2, nauli ya kwenda na kurudi. La mwezi ujao liandike ukurasa mwingine, lisije likameza la leo. Jioni rudi kwenye karatasi, uandike kilichopatikana na kilipitia mkono wa nani. Hilo la mkono usiliruke. Paulo akiwahimiza Wakorintho wachangie ndugu wahitaji alichukua mstari wa 18 wa sura hii hii: aliyeokota nyingi hakuzidiwa, aliyeokota kidogo hakupungukiwa (2 Wakorintho 8:15). Pishi yako yaweza kuwa imo hemani mwa jirani, na yake kwako.

Malizia na Yoshua 5:10-12. Baada ya miaka 40 mana ilikoma, na wengine husoma hapo kana kwamba Mungu alifunga mkono. Tazama mpangilio: walikuwa wamekwisha kula mikate isiyotiwa chachu na bisi, mazao ya Kanaani, ndipo mana ikakoma siku iliyofuata.